Sukari ya Mionzi na Kiburi cha Mjomba

Mjomba wangu, kakaye mama, ni mzee wa kanisa huko kwetu Nuu, na tangu nipate akili sijamsikia akisema "sijui." Mama alipoanza kuumwa na nyonga, muda fulani baada ya kukatwa titi kwa ajili ya saratani, daktari wa Kitui alitaka aende Nairobi akapigwe picha maalum. Mjomba akakataa. Akatuburuta hadi soko la Kabati, kwa mtu aliyekodi chumba nyuma ya duka la mbegu.

Mtu huyo alimshikisha mama chuma chenye waya ulioingia kwenye kompyuta, akatazama mistari ya rangi ikicheza, kisha akatangaza kwamba saratani imekwisha, nyonga ina baridi tu. Nikaomba nami nipimwe. Akaniambia mfuko wangu wa uzazi una joto. Mimi ni mwanamume, tena mwenye ndevu.

"Hukushika vizuri," mjomba akanikemea.

Hapo ndipo nilipoacha kubishana naye. Nilimpeleka mama Nairobi bila kuaga mtu.

Aliingia hospitalini bila kutia kitu tumboni, kama walivyoagiza. Nesi aliyemdunga sindano alimweleza polepole: "Mama, hii ni sukari. Tumeifunga na chembe ya mionzi. Uvimbe wa saratani una uroho wa sukari kuliko sehemu nyingi za mwili. Uvimbe ukishaila, mashine itaona mionzi imejikusanya wapi."

"Kwa hivyo tunautegea chambo, kama panya," mama akasema.

"Hivyo hivyo. Sasa ulale, usitembee wala kuongea, misuli isije ikaila yote."

Picha ilipotoka, daktari alituonyesha ubongo na kibofu vikiwaka. Akasema hayo ni ya kawaida. Kisha akaweka kidole kwenye nyonga, palipokuwa na doa linalowaka kama kaa.

"Ni hapo tu?" mama akauliza.

"Hapo tu. Na tunaweza kupatibu."

Mama alishusha pumzi. Mimi nilikuwa namfikiria yule mtu wa Kabati na "baridi" yake.

Tuliambiwa mama asikae karibu na watoto wachanga na wajawazito hadi kesho yake. Tulilala Nairobi, na tuliporudi nyumbani mionzi ilikuwa imekwisha mwilini. Lakini mjomba alikuwa ameshapata habari za ile sindano kwa simu, na ameshazihubiri. Kiti cha mama kilikuwa kimewekwa peke yake kando ya zizi la mbuzi. Wifi yake, mke wa mjomba, alimsukumia kikombe cha chai kwa mwiko. Mjomba mwenyewe alisimama langoni, tai shingoni, Biblia kifuani.

"Wamekudunga bomu," akasema. "Usinikaribie."

Nilijaribu kueleza. Akanikata kauli: "Wewe umesoma nini cha kunifundisha mimi?"

Mama aliweka kikombe chini, akachechemea hadi langoni, akamkumbatia kwa nguvu. Mzee wa kanisa akapiga yowe, akajinasua, akakimbia barabarani mbele ya majirani huku Biblia ikianguka vumbini. Mama ndiye aliyeiokota na kuipangusa.

Nyonga ilichomwa kwa mionzi ya matibabu, na picha iliyofuata ilionyesha doa limezimika. Jumapili moja mjomba akasimama kanisani kutoa ushuhuda: kwamba Kabati walisema mapema hakuna saratani, na Nairobi wamekuja kukiri. Waumini wakapiga makofi. Hata wifi wa mwiko alipiga. Nilitoka nje kabla makofi hayajaisha.

"Mwache," mama aliniambia jioni. "Ni ndugu yangu."

Ni ndugu yake, si wangu. Namsalimia kwa sababu mama ameniamuru, na namwangalia kiatu, si uso. Mama bado huchechemea akipanda kilima, lakini msimu huu ndengu amepanda mwenyewe, na zimeota vizuri.