Mwambie Mumeo

Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza sekondari, na mada inayonitoa jasho kila mwaka ni kauli halisi na kauli taarifa. Mtu kasema, "Ninaumwa leo." Wewe unayepeleka habari unageuza: "mimi" inakuwa "yeye", "leo" inakuwa "siku ile", "hapa" inakuwa "pale", na kitenzi kinarudi nyuma hatua moja. Hapo kwenye kitenzi ndipo darasa zima hunikunjia uso. Kwa Kiswahili hatusumbuani hivyo. Tunasema "alisema anaumwa", yameisha. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, sasa hicho kitenzi kinarudi nyuma kimeona nini?" Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi zamani: kwa sababu unapoyafikisha maneno, wakati wa kusemwa kwake umeshapita, na mara nyingi hata mwenyewe hayupo.

Nyumbani kwangu jibu hilo lilikuwa halisaidii kitu, maana mwenyewe alikuwepo, tena amekaa kwenye kigoda hapo hapo.

Tunaishi Nyasubi, Kahama. Mama yangu mzazi alihamia kwetu baada ya baba kufariki. Mume wangu anafanya kazi bandari kavu ya Isaka, kwenye mizigo, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Kwa malezi ya Kisukuma aliyokulia mama, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani, na mmoja akiwa na neno na mwenzake hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wako ua mmoja na masikio yao ni mazima. Wengi siku hizi wameyaacha hayo. Mama hakuyaacha, na mume wangu, ambaye nilidhani angeyaona ni mambo ya kale, aliyashika kuliko hata mama.

Mtu wa tatu nilikuwa mimi.

"Mwambie mumeo chumvi imezidi leo, anisamehe."

"Mama anasema chumvi imezidi, umsamehe."

"Mwambie Mama mbona mboga tamu."

"Anasema tamu."

Hakuna nililolisema ambalo lilikuwa jipya kwa yeyote. Mwanzoni nilichoka nikawafokea, "Jamani, si mmesikiana!" Wakanitazama kama niliyetukana msibani. Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikawakuta peke yao uani, mama anaongea na kuku. "We kuku, laiti mwenye nyumba angejua kuwa bomba limepasuka nyuma ya choo." Mume wangu, kageukia ukutani, akamjibu kuku kwamba fundi ameshaitwa. Kuku anadonoa zake tu. Mimi nilirudi ndani nikacheka vizuri.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Nilikuwa na mimba changa sana. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nafua uani, maumivu yakanikata upande mmoja chini ya tumbo nikaanguka ubavuni mwa beseni. Daktari alikuja kutueleza baadaye kwamba mimba ilitunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, na damu ilikuwa inavujia ndani. Mimi nilichojua ni kwamba jua linawaka nami naona giza.

Mama aliketi chini akanilaza kichwa mapajani. Mume wangu akaja mbio, akasimama hatua chache kutoka tulipo. Alitaka kunibeba, lakini kunishika mimi ilikuwa ni kuingiza mikono mapajani mwa mkwewe.

"Mwambie mumeo atafute bajaji," mama akasema.

"Utafute bajaji," nikasema. Alikwishatoka getini.

Akarudi. "Mwambie Mama imefika."

"Imefika."

"Mwambie amlete mama jirani tusaidiane kukuinua," mama akasema.

Hilo nalo nililifikisha, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa ni yangu. Nilitamani sana kulala. Lakini kila nilipoanza kuzama, mmoja wao alinipa neno la kupeleka, nami nikajiona siwezi kulala nikiwa nimetumwa. Jirani hakuwepo kwake. Mume wangu alirudi na habari hiyo, nikaisikia kwa mbali, na sikuisema. Mama akarudia kuniita. Nilimsikia, mdomo ukagoma.

Ndipo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu niolewe.

"Baba, mwanangu anakwenda. Njoo umbebe."

Mama alimwambia mume wangu, usoni kwake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu, kwa sababu nilielewa: mama ameniondoa katikati. Kwake nilikuwa sipo tena. Nikakusanya pumzi yote iliyobaki.

"Mama anasema," nikasema, "uje unibebe."

"Ee, ng'wana wane, mwanangu wee!" mama akalia. "Ndivyo ninavyosema! Mwambie afanye haraka!"

Mikono ya mume wangu ikapita juu ya mapaja ya mama, ikaniinua. Kuanzia hapo sikumbuki kitu.

Nilizinduka wodini nimeshashonwa. Muuguzi aliyekuwa ananibadilishia dripu aliniinamia akanong'ona, "Dada, samahani, wale waliokuleta wana matatizo ya akili?"

Nikamuuliza wamefanya nini.

Akasema muda wote nilipokuwa chumba cha upasuaji, walikaa mbele ya mlango uliofungwa, mama mwisho huu wa benchi, mwanamume amesimama mwisho ule, hawatazamani. Mama anauambia mlango, "Mwambie mumeo akae, amesimama sana." Na mume wangu anaujibu mlango, "Mwambie Mama nitakaa ukitoka."

"Tena hawajibizani papo hapo," muuguzi akasema. "Mmoja akishasema, wote wananyamaza kidogo, wanakusubiri useme."