Usukani Kulia, Macho Kushoto

Gari letu tulilinunua Dar, usukani kulia. Kigali magari yanapita kulia, kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja mbele. Anayeona ni aliyeketi kushoto kwako. Tuliporudi kutoka Tanzania, mwishoni mwa mwaka tisini na nne, kila nilipoendesha, kazi hiyo ya macho aliifanya mume wangu, tena kwa maneno mengi mpaka nikawa namwambia afunge mdomo.

Siku ile alikuwa kazini Kanombe, uwanja wa ndege, sisi tuko nyumbani Busanza. Mtoto wetu wa miezi saba alichemka tangu alfajiri, na ilipofika saa nne degedege ikamshika. Zahanati pekee niliyoijua kuwa ina daktari ilikuwa Rwezamenyo, ng'ambo ya mji. Nikamweka mama mkwe kushoto, nikampakatisha mtoto, tukaondoka.

Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa hapa. Niliogopa ile degedege, niliogopa mteremko wa Kicukiro, na zaidi ya yote niliogopa kingo za barabara. Tulikuwa tumeonywa tusikanyage nje ya lami, huenda kuna mabomu yaliyofukiwa.

Pale mteremko unapoanza tukalikuta lori la matofali linajikokota, moshi wote wetu. Nikatia gia ya pili ili injini ilizuie gari, breki zisichemke. Nikajiambia nitulie tu nyuma yake. Mara mtoto akakoroma mkoromo ambao sijawahi kuusikia kwa mtu.

"Mama, njia nyeupe?"

"Nyeupe. Pita, mwanangu."

Nikatoka. Hata gurudumu la nyuma la lori sijalifikia, basi dogo hilo hapo mbele, linapanda na taa zinawaka. Mikono yangu ilitaka kukata kushoto, upande niliozoea kukimbilia tangu Tanzania, na kushoto ndiko kwenye majani. Haki ya Mungu, sijui akili niliitoa wapi. Niligusagusa breki, nikarudisha usukani kulia bila kuukata, nikaingia tena nyuma ya lori. Basi likapita likikwangua kioo cha pembeni, karibu kabisa na kiwiko cha mama mkwe.

Ndipo akashtuka. "Nini hicho?"

Hasira zikanipanda. "Mama, umeniambia njia nyeupe. Basi zima hukuliona?"

"Sikulisikia," akasema.

Kumbe mama wa watu alikuwa anasikiliza barabara. Nikamuuliza tangu lini haoni, akasema tangu hatujahama, ila alizijua sauti zetu na hatua zetu, nasi hatukugundua.

Nilibaki nyuma ya lile lori mteremko wote, gia ya pili, jasho linanitiririka mgongoni, nikisikiliza pumzi za mtoto moja moja. Sikujaribu kulipita tena hata njia ilipopanuka.

Daktari alimchoma sindano, mtoto akalegea, akalala. Tukakaa kwenye benchi mimi na mama mkwe. Nilikuwa bado nina hasira. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Ungejua sioni," akasema, "usingenipa mtoto nimbebe."

Nilitaka kumwambia hapana, mama, ningekupa tu. Ila ukweli ni kwamba nisingempa.