Betri Iliyotokota Jikoni

Nyinyi vijana mmenifuata hata kanisani, eti niandike habari za Nzuki. Mkono wangu ni wa kukanda unga, si wa kalamu. Lakini nikiwaachia nyinyi mtaandika uongo, kwa hivyo nyamazeni.

Nzuki mume wangu alikuwa tarishi wa wakili mmoja mjini. Barua alipeleka kwa pikipiki ya ofisi, na aliipangusa kuliko viatu vyake. Tulikaa Lavington, mtaa wa matajiri, vyumba vya nyuma, maana mimi nilipika kwenye nyumba kubwa. Mwaka wa themanini na saba, baridi ya Julai, pikipiki ikakataa kuwaka asubuhi. Anapiga kiki mpaka jasho, inakohoa, inanyamaza. Wakili akamwambia, "Ukichelewa tena Jumatatu, funguo nampa Isaiah." Isaiah alikuwa mfagiaji, na alishaanza kuizungukazunguka.

Jumamosi tukaisukuma mpaka kwa Gurcharan, Kalasinga wa Kiswahili cha kuvunjika, mwenye gereji karibu na Kenyatta Market. Akawasha taa, akabonyeza honi. Taa ikafifia kama jicho la mgonjwa.

"Plagi sawa, kabureta sawa. Betri nalala. Nalala kuliko wewe, Nzuki." Akafungua vifuniko, ndani kumekauka. "Wewe naweka maji gani hapa?"

"Ya mfereji."

"Mfereji ni ya chai, bwana." Akatia maji ya betri. "Sasa acha hapa, mimi nachaji."

Nzuki akakataa. Mafundi wa siku zile walikuwa na sifa: unaacha betri nzima, unarudishiwa maiti. Akaibeba kwenye pikipiki hiyo hiyo, tukaisukuma kurudi nyumbani, aende aazime chaja ya dereva wa nyumba kubwa. Gurcharan akatuita tukiwa tumeshafika barabarani. "Chaji nje. Natoa hewa mbaya. Moto hapana karibia."

Nje kulikuwa na wezi. Akaiweka jikoni kwetu, chumba kisicho na dirisha, mlango akauziba kwa gunia. Jumapili kutwa ile betri ilitokota bila moto. Harufu ya mayai mabovu. Kuku wangu alifika kizingitini akarudi.

"Baba Mwelu, toa hicho kitu. Kinapumua."

"Mama Mwelu, wewe pika."

Sikuwasha jiko. Nilipikia kwa jirani, akanicheka.

Jioni Nzuki akataka kuona kama maji yamefika kwenye mstari. Mle ndani ni giza. Akafungua vifuniko, akainama, akawasha kiberiti.

Mlio ulikuwa mfupi, betri ikapasuka na tindikali yake ikamrukia machoni. Nilimmwagia ndoo ya maji usoni, na nyingine, mpaka majirani wakanishika mikono. Macho hayakurudi.

Alipotoka hospitali, Isaiah alikuja na betri mpya. Pikipiki ikawaka kwa kiki moja. Nzuki, kitambaa usoni, akaufuata mlio kwa shingo mpaka ukapotea langoni.

"Sasa iko sawa," akasema.

Mpaka leo pikipiki ikipita, Nzuki hutega sikio, kisha husema, "Betri ya huyo inakufa." Na hufa.

Haya, nimeandika. Wewe uliyefika hapa una macho, na herufi hazikuchoshi kama zinavyonichosha mimi. Njoo Jumapili baada ya ibada umsomee Nzuki gazeti, kurasa zote, hata matangazo ya vifo. Kiberiti ukiache langoni.