Mkono Ambao Mwalimu Aliupima kwa Rula

Leo nimembebea gunia mwalimu aliyeniambia mkono wangu ni mfupi mno.

Ni yule wa michezo kule Matungu, miaka ya tisini. Kabla ya kuchagua wasichana wa kurusha mkuki, alikuwa anatupimanga na rula, kutoka kiwiko hadi kiganja. Mkuki wenyewe sikuushika.

Sasa leo, pale kwa kusagia mahindi Ekero, gunia lake limemshinda. Nimelikumbatia, nikaliweka kwa mizani.

Akaangalia mkono wangu. "Nekesa, umerefuka?"

"Hapana, mwalimu. Ni ule ule."

Akainama kufungua kamba ya gunia.

Kuna mwingine kati yenu mnaosoma hapa alipimwa hivyo?

Siku hizi mimi ni kocha, na Jumamosi ninachagua timu yangu ya mkuki. Kila msichana atarusha kwanza.