Kufuata mkumbo mdomoni mwa duara: somo la saikolojia lilivyomzuia kaka yangu kushuka

Wakuu, salamu zenu kwanza. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Uzi huu hauna chumvi. Yaliyomo niliyaona na kuyasikia mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadilisha ili watu wangu wasinisake.

Mimi ni kijana wa Ngokolo, Shinyanga, ila kwa sasa nimepanga Kalangalala hapa Geita. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo tuyaache yalale. Mchana nipo kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya mji. Jioni naoga, vumbi linatoka nusu, naenda darasani. Nasomea cheti cha maendeleo ya jamii.

Ndoto yangu ni siku moja niwe mshauri nasaha, nikae na watu wa machimboni wanieleze yanayowasumbua. Wenzangu kwenye karasha wananiita Daktari wa Mawazo. Nacheka nao, lakini darasani sikosi.

Muhula huu tuna saikolojia. Madam alitueleza kwamba wataalamu wana mitazamo tofauti ya kumwelewa mtu. Kuna wanaosema tabia inajengwa na zawadi na adhabu. Wengine wanaangalia jinsi mtu anavyofikiri na kutafsiri mambo. Wengine wanaangalia ubongo na mwili. Wengine wanachimba utoto na yaliyofichika akilini (hawa niliwapenda, maana nao ni wachimbaji). Na wengine wanasema binadamu ana hiari na utu wake, aheshimiwe.

Diskasheni ikawa kama mashabiki wa mpira, kila mtu na timu yake.

Kisha akatueleza jaribio la mistari. Unawekwa chumbani na watu usiowajua, mnaonyeshwa mstari, mnaulizwa upi kati ya mingine unalingana nao. Jibu liko wazi kabisa. Kumbe wale wengine wamepangwa, na wote wanataja mstari usio sahihi. Zamu yako inafika. Watu wengi, walau mara moja, waliyaacha macho yao wakawafuata wenzao.

Lakini akitokea mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kunapungua sana.

Hiyo ya mmoja ilinikaa kichwani.

Asaimenti ikawa hivi: chukua tukio la mahali unapofanya kazi, upime mitazamo ile, useme upi una nguvu na upi unapwaya. Nikawa natafuta tukio. Likanifuata lenyewe.

Jirani na karasha letu kuna duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Kaka yangu Masanja ndiyo kazi yake, kushuka humo. Huyu ndiye aliyenilea.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, nikampelekea chai. Nikaona timba la mdomoni, lile gogo linalozuia ukuta wa udongo, limepasuka katikati. Nyuma yake udongo unachuruzika.

Kwa wasiojua machimbo: mdomoni mwa duara lile neno kufukiwa halitajwi. Ukilitaja umetia mkosi. Unarudishwa nyumbani siku hiyo, na dhahabu isipoonekana, wewe ndiye uliyeifukuza.

Msimamizi wao ni Baba Kulwa. Mwenye duara yuko Kahama, na alikuwa ameshapiga simu kwamba kazi isisimame. Baba Kulwa akaanza kuwauliza mmoja mmoja.

"Shija, kukoje?"

"Kuko sawa."

"Na wewe?"

"Sawa."

Sawa ikatembea hivyo kuelekea kwa kaka yangu. Kila mmoja alilitupia jicho lile timba, akamtazama mwenzake, akasema sawa. Masanja naye akalitazama. Kisha akajibu.

"Sawa."

Wakuu, miguu iliniisha nguvu. Lilikuwa lile jaribio la mistari, ila hapa ukikosea hutarudi nyumbani tena.

Nilitaka nipige kelele. Nikajizuia. Mimi si wa duara lile, ningefukuzwa na wao wangeshuka. Nilihitaji mwenzangu. Shija alikuwa amesogea pembeni anafunga tochi kichwani. Nikamfuata.

Nikamsalimia Kisukuma, "Mwangaluka, Shija. Ungekuwa peke yako leo ungeshuka?"

"Peke yangu? Nikatafute nini humo, timba hulioni?"

"Sasa mbona umesema sawa?"

"Niliona wenzangu wametulia, nikajua wameliona ni dogo. Tena niseme ili iweje? Nirudishwe nyumbani nikamweleze mama watoto kwamba nina mkosi?"

"Nikianza mimi, utanifuata?"

Akanipima kwa macho. "Anza basi, Daktari. Ila uanze kweli."

Nikarudi pale.

"Shikamoo Baba Kulwa. Lile timba limepasuka. Wakishuka watafukiwa."

Wakanigeukia wote. Kisha mmoja akasema, "Mtoeni huyo. Shule ya jioni imemharibu."

"Rudi kwenye karasha ukasage mawazo," mwingine akadakia. Wakacheka.

Masanja akanisogelea. "Mdogo wangu, ondoka. Unanitia aibu."

Hiyo iliniuma kuliko zote. Lakini sikuondoka. Nilishaamua kwamba kama ni aibu, heri aibu ya mtu aliye hai huku juu.

Ndipo Shija akasema, "Basi tutoeni wawili. Mimi sishuki."

Kicheko kikakatika.

"Hata mimi nililiona," sauti ikatoka nyuma. Mwingine akavua kofia yake ngumu akaiweka chini. Masanja akaja kusimama upande wangu, bila kunitazama.

Baba Kulwa akawaka. "Sasa mbona wote mmeniambia sawa?"

"Kwani wewe hukuliona?" Masanja akamuuliza.

Mzee akaligeukia timba. "Nililiona. Ila niliposikia sawa, sawa, sawa, nikasema labda macho yangu yamezeeka."

Simu ikaita. Kahama tena. Akaitazama, akaitia mfukoni ikiwa bado inaita. Madam alishatuambia kwamba amri ya kwenye simu haina uzito kama ya mkubwa aliyesimama mbele yako. Pale nikaiona.

Wakalifunga timba kamba walivute, waweke jipya. Kuvutwa tu, likatoka vipande viwili, na udongo wa upande ule ukaporomoka wote shimoni.

Hakukuwa na mtu ndani.

Tukasogea nyuma wote. Baadaye Masanja akaniuliza, "Chai umeiweka wapi?" Nikampa. Akanywa vikombe viwili amesimama, mimi nikimmiminia.

Darasani nikasimama kueleza tukio langu. Nilisema mtazamo wa zawadi na adhabu unamweleza Shija vizuri, maana aliogopa kurudishwa. Ila unapwaya kwa Baba Kulwa. Yeye nani angemrudisha? Huyo anaelezwa na mtazamo wa kufikiri: alizichukua sawa za wenzake kama taarifa, wakati hazikuwa taarifa. Wa mwili unaeleza miguu yangu tu. Wa utoto sikuweza kuupima, huwezi kumhoji mtu utoto wake mdomoni mwa duara. Wa hiari naupenda, ila haunielezi kwa nini hiari ya Shija ilisubiri mwenzake.

Hata jaribio lenyewe nililipima. Wale walikuwa chumbani na wageni, mstari ukikosewa hakuna anayeumia. Huku ni ndugu yako.

Madam akauliza, "Kwa hiyo upi umeshinda?" Nikamjibu hakuna, kila mmoja umeshika ncha yake ya kamba.

Siku hizi Baba Kulwa hawaulizi tena wakiwa kwenye mstari. Anamwita kila mtu pembeni, peke yake, na neno kufukiwa linaruhusiwa. Wapo wanaonung'unika kwamba dhahabu itahama. Wanashuka, wanapanda.

Nilichojifunza wakuu: watu wakisema sawa wote, usihesabu sawa hizo kama macho. Huenda kila mmoja anamsubiri mwingine. Na ukitaka kusema, tafuta kwanza mmoja.

Mimi naendelea na shule hadi niwe huyo daktari wanayemtania. Karibuni mchangie. Anayeona nimekosea aseme, na anayeona kama yeye asimwache peke yake.