Siku Soko la Makutano Lilipotufungia Kwenye Maombi

Jamani, kama kuna mtu bado ana ile video ya Makutano, namwomba kwa heshima aifute, kwa sababu yule dada aliyeshikwa ukosi wa koti na watu wa bodaboda mbele ya Pasta ni mimi, Kendi, fundi wa mitambo, na mambo yote niliyaanzisha kwa kidole kimoja.

Soko jipya lilikuwa kazi yangu. Sola juu ya paa, kijicho cha mtambo kwenye dari kinachozima taa kisipoona mtu akisogea, halafu milango inajifunga yenyewe, hakuna makufuli (niliyang'oa mwenyewe nikisema kufuli ni mambo ya kina nyanya). Lakini kina mama wa viazi walikataa kuhamia. Walibaki kando ya lami, mama yangu mzazi akiwa mmoja wao, na juzi tu lori lilikuwa limekanyaga gunia lake wakati ameinuka kidogo kutafuta chenji. Gunia alilokuwa amelikalia! Kwa hivyo mimi sikuwa na mchezo, lazima waingie ndani. Wakakubali kuja kuona, tuombe pamoja, halafu waamue hapo hapo.

Sasa asubuhi hiyo, nikataka Pasta, mgeni wetu wa heshima, aone tunavyookoa umeme, nikachukua simu nikapunguza muda wa taa kusubiri kabla ya kuzima, kutoka nusu saa hadi dakika mbili. Basi. Hicho tu.

Na wewe unajua maombi ya kwetu. Pasta alisema tuinamishe vichwa, watu wote tukasimama tuli, macho tumefumba, akaombea mvua, akaombea bei ya majani chai, akaombea shule, na alipofika kwa vijana wanaotafuna miraa, taa zikazima, milango ikajifunga (na lile jengo bila taa ni giza hata mchana), na spika ikatangaza kwa sauti yangu mwenyewe, niliyoirekodi nikijisikia sana: "Soko limefungwa. Asante kwa kuokoa umeme."

Pasta akasema, "Amina?"

Watu wakaanza kusukumana, na mtambo ukaona kuna watu wanatembea ndani ya soko lililofungwa. Spika ya nje ikalia, mimi tena: "Wezi! Wezi wako sokoni! Saidieni!" Nikatoa simu nifungue, haishiki, kumbe mtambo ulikuwa umezima hata intaneti yake ili kuokoa umeme. Woi!

Bodaboda wa Makutano hawaitwi mara mbili. Walivunja mlango kwa nondo, na wa kwanza kutoka nikiwa mimi, simu mkononi, nikadakwa. "Huyu hapa! Bado ameshika simu ya wenyewe!" Nikapiga kelele, "Hiyo sauti ni yangu! Ni mimi!" Jamaa akawaambia wenzake, "Si mnasikia? Hata anakubali."

Mama ndiye aliyeniokoa. "Mwachilieni, huyo ni wangu. Si mwizi, ni kusoma tu kumezidi."

Lakini yeye na wenzake walirudi barabarani. Nikamfuata nikilia kabisa. Akaniambia, "Kendi, mtu akiomba yuko. Hiyo taa yako haijui. Nitakaaje mahali pasiponiona?"

Sikuacha. Nilirudisha muda wa taa, nikaitenga intaneti isizimwe pamoja nazo, nikaweka kufuli na funguo nikampa mama. Hawakuniamini. Nikawafuata kando ya lami kila siku, mpaka nikawaambia, njooni muombe ndani, mimi nitabaki nimefumbua macho nikikipungia hicho kijicho.

Wakaja. Kwa hivyo kila asubuhi nasimama mbele nikipunga leso ya mama kuelekea dari, bodaboda wakinicheka mlangoni. Mtambo ulishapona, leso haihitajiki, lakini gunia la mama liko ndani na nitapunga mpaka yeye aseme imetosha. Na sitagusa tena kitu chochote kabla ya kuwauliza watakaosimama chini yake.

Pasta siku hizi anaombea mpaka mkono wangu, na akifika hapo najua amina bado iko mbali.