Mama Skrubu na Tundu Lililolika Meno

Saa tatu asubuhi. Kamera imelala kitako juu kwenye taulo, na Mama Skrubu anamulika kwa tochi tundu la kitako hicho, pale kamera inapofungwa kwa skrubu kwenye stendi ya miguu mitatu.

"Meno ya kushika skrubu yamelika yote," anasema.

Mwenye kamera, kijana mpiga picha, ana harusi saa nane mchana. "Mama, si uweke gundi tu niwahi?"

"Gundi ibebe kilo mbili juu ya vichwa vya watu? Kaa, mwanangu."

Anaizungushia utepe ncha ya keekee ya mkono, kujiwekea mwisho wa kutoboa. Nyuma ya tundu kuna bodi ya umeme. "Nikipitiliza unene wa ukucha tu, utaondoka na kopo."

Anazungusha polepole. Kijana ameacha hata kutazama saa. Tundu likishapanuka, mama anachonga meno mapya, kisha anakaza ndani yake kibushi cha shaba, kijibomba chenye meno kitakachoishika skrubu ya stendi.

Fundi huyu, mwenye miaka hamsini na miwili, alikuwa mpiga picha. Miaka kumi na mmoja iliyopita alipiga picha harusi ya mdogo wake. Skrubu ya stendi yake ilikuwa ikicheza kwenye tundu mwezi mzima, naye akawa anaijazia karatasi. Maharusi walipoanza kuvishana pete, kamera ikaporomoka, lenzi ikapasuka.

"Mdogo wangu hana picha ya pete," anasema. "Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma."

Akaifungua kamera ile mwenyewe, akaharibu, akajifunza. Leo hupokea kamera sita kwa wiki, nusu yake zikiwa na tatizo hilohilo.

"Watu wanakaza kwa koleo utadhani gurudumu la lori! Anza kwa vidole viwili. Ikikataa, rudisha nyuma, usilazimishe. Na skrubu iliyozidi urefu wa tundu, achana nayo."

Saa tano na robo, kamera iko juu ya stendi. Mama anaitikisa. Haichezi. Kijana anashukuru, anatoka mbio, halafu anarudi kuchukua kifuniko cha lenzi.

Mwezi ujao Mama Skrubu ataanza kuwafundisha wapiga picha kujitengenezea kamera zao kila Jumamosi, bure, kwenye chumba cha msusi jirani yake. Kumi na wawili wameshajiandikisha. Haogopi kukosa wateja?

Anacheka. "Wakijua wote, nikakosa kazi, si nitarudi kupiga picha? Kidole bado kinaniwasha."